Pikipiki ya Lami na Pori: Mambo Yampasayo Askari Kuyapima Kabla ya Kutoa Fedha Zake

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la hekima, nasi hatukusudii kulipinga. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba jembe halimbebi mwenyewe kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika barabara ya changarawe, wala halimwachi usiku katikati ya nyika baada ya kuishiwa na petroli. Pikipiki yaweza kuyafanya yote mawili. Kwa hiyo, katika jambo hili, anayechagua ndiye mkulima hodari, na asiyechagua ndiye atakayejuta.

Tumeamua kuandika juu ya shauri hili kwa sababu ndugu zetu wengi walio jeshini na katika polisi, wapatapo mkopo wa chama cha akiba au malipo ya mwisho wa utumishi, hukimbilia kununua pikipiki. Mmoja huinunua kwa kufuata rangi, mwingine kwa ukubwa wa injini, na wa tatu kwa sifa alizozisikia kantini. Miezi sita haijapita, mashine imeegeshwa nyuma ya nyumba ikingoja kipuri kisichopatikana, mkopo bado unakatwa katika mshahara, na ada ya shule ya watoto imekwenda na maji. Hayo ni machache. Kubwa zaidi ni kwamba pikipiki isiyolingana na nguvu za mwenyewe, au na njia anazozipita, ni hatari kwa maisha yake.

Pikipiki tunayoizungumzia ni ya jamii moja tu. Ni ile iwezayo kwenda mwendo mrefu juu ya lami bila kumchosha mwendeshaji, kisha ikaiacha lami, ikaingia katika mchanga, matope, mawe na njia za ng'ombe, ikatokea upande wa pili ikiwa salama. Siyo ile ya mashindano ya kuruka vilima, ambayo haina taa wala kiti cha kukalia mchana kutwa. Wala siyo ile ya mbio za lami, ambayo ikikutana na kokoto hutetemeka kama mgonjwa wa homa. Hii ni mashine ya kati, na kila mashine ya kati ina mambo iliyoyaacha ili ipate mengine. Hekima ya kuchagua ni kujua limeachwa lipi na limepatikana lipi.

ASILI YAKE

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Zamani, mtu wa Marekani au Ulaya aliyetaka kwenda porini kwa pikipiki alilazimika mara nyingi kuichukua pikipiki ya barabarani, akaivua vifuniko, akalipandisha juu bomba la moshi na kuitia matairi yenye meno. Mwaka 1968 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo DT-1, yenye injini ya mipigo miwili na ujazo wa sentimita 246. Ilikuwa nyepesi, ilikuwa na taa zake zote kama sheria itakavyo, na ilitoka kiwandani ikiwa tayari kwa lami na kwa pori. Watu waliigombea. Mwaka 1972 Honda ikafuata na XL250 ya mipigo minne, na katikati ya miaka ya 1970 Yamaha ikatoa XT500, yenye silinda moja kubwa ya ujazo wa sentimita 499.

Mwaka 1980 kampuni ya BMW ya Ujerumani ikaja na R 80 G/S. Herufi mbili za mwisho zatokana na maneno mawili ya Kijerumani, la kwanza likiwa na maana ya ardhi ya nyika na la pili barabara. Mashine hiyo ilikuwa na silinda mbili, nguvu za farasi 50, na badala ya mnyororo ilikuwa na mhimili wa chuma wa kulizungusha gurudumu la nyuma. Huo ukawa mwanzo wa ukoo wa pikipiki kubwa za safari tunazoziona leo zikiendeshwa na watalii wanaopita kwetu kutoka Nairobi kwenda Kigali.

FUNZO LA JANGWANI

Kuna kisa kimoja ambacho askari hapaswi kukisahau. Mwaka 1977 Mfaransa aliyeitwa Thierry Sabine alikuwa katika mbio za kutoka Abidjan hadi Nice, juu ya pikipiki ya XT500. Akapotea katika jangwa la Libya, akabaki akiteswa na kiu na jua mpaka alipookolewa. Mtu huyo hakulichukia jangwa. Alirudi kwao akaanzisha mbio za kutoka Paris hadi Dakar, ambazo ziliondoka mara ya kwanza tarehe 26 Desemba 1978 na kufika Senegal katikati ya Januari 1979. Vyombo 182 viliondoka Paris, lakini 74 tu ndivyo vilivyofika Dakar. Aliyeshinda alikuwa Cyril Neveu, akiwa juu ya XT500, naye aliwatangulia hata waliokuwa ndani ya magari. Mwaka 1980 alishinda tena kwa mashine ya aina ile ile.

Na tujiulize: XT500 ilikuwa na nini? Haikuwa na kasi ya kutisha wala mapambo. Ilikuwa na silinda moja, kabureta moja, injini ya kupozwa kwa hewa tu, na mguu wa kuipiga ili iwake. Yaani, vitu viwezavyo kuharibika vilikuwa vichache, na vikiharibika vilitengenezeka kando ya njia. BMW zilikuja kushinda mbio hizo katika miaka ya 1981, 1983, 1984 na 1985, lakini hizo zilikuwa na mafundi wa kiwanda nyuma yao. Msomaji wetu hana fundi wa kiwanda. Ana mfuko wa spana na fundi wa mjini.

Majeshi ya dunia yameyafikia mawazo hayo hayo. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza waliunda zaidi ya pikipiki 120,000 za BSA M20. Zilikuwa nzito na za polepole, lakini fundi yeyote aliweza kuzifungua kwa spana chache. Baadaye sana, kikosi cha Marine cha Marekani kiliichukua Kawasaki KLR650, pikipiki ya kawaida ya kiraia, kikaamuru itiwe injini ya dizeli. Sababu haikuwa kasi. Walitaka pikipiki inywe mafuta yale yale yanayonywewa na malori na magari ya vita, ili asiwepo askari wa kukwama kwa kukosa petroli. Hao nao walianza kwa kuuliza swali la ugavi, kisha ndipo wakauliza swali la injini. Mnunuzi mwenye busara hufuata utaratibu huo huo.

MIZANI SABA

Mizani ya kwanza ni kazi. Kabla hujakwenda dukani, chukua karatasi uandike safari zako za mwezi mmoja: kilomita ngapi ni za lami, ngapi za changarawe, na ngapi za njia zisizostahili kuitwa njia. Mtu aliye Kampala, ambaye huenda kwao Arua mara tatu kwa mwaka, hahitaji mashine sawa na mwenzake aliye kituoni Kaabong. Wengi hununua kwa kuifikiria safari moja kubwa wanayoiota, wakazisahau safari ndogo mia mbili watakazozifanya kwa hakika.

Mizani ya pili ni uzito, na hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Jaribio lake ni jepesi. Muombe mwenye pikipiki ruhusa uilaze chini polepole juu ya majani, tangi likiwa limejaa. Kisha iinue peke yako: uipe mgongo, uchuchumae, ushike usukani kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, usukume kwa miguu. Iinue mara mbili mfululizo. Ukishindwa mara ya pili, mashine hiyo si yako, hata kama fedha unazo. Porini itaanguka, na haitaanguka mara moja. Atakayeianguka nayo katika matope ya saa nane mchana, akiwa na kiu, hatakuwa na nguvu alizokuwa nazo asubuhi.

Mizani ya tatu ni urefu wa kiti. Pikipiki ya pori huinuliwa juu ili tumbo la injini lisigonge mawe, na kwa sababu hiyo kiti nacho hupanda. Mfupi asikate tamaa. Springi hushuka kidogo mtu anapokaa, na yatosha mguu mmoja ufike chini barabara ukiwa umevaa buti. Lakini ikiwa ncha ya kidole tu ndiyo inayofika, basi kila kituo juu ya ardhi isiyo sawa kitakuwa mwaliko wa kuanguka.

Mizani ya nne ni injini. Injini chini ya ujazo wa 150 hula mafuta kidogo na hutosha kabisa katika njia za vijijini, lakini katika barabara kuu, ikiwa na mzigo, malori yataipita kwa karibu na kuiyumbisha. Kutoka 200 hadi 400 ndipo penye wastani mwema. Kufika 650 na kuendelea, raha ya lami huongezeka na raha ya pori hupungua. Tena miinuko isisahauliwe. Kwa kila meta 1,000 za kupanda, injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kampala iko karibu meta 1,200 juu ya bahari na Kabale karibu meta 2,000, kwa hiyo pikipiki dhaifu iliyopanda vizuri Kololo yaweza kuhema kama mzee katika milima ya Kigezi.

Kadhalika kuna shauri la kabureta na la mashine za sindano za petroli zinazoongozwa kwa umeme. Sindano hujirekebisha zenyewe mlimani, huwaka upesi asubuhi ya baridi, na hutumia mafuta kwa uangalifu. Lakini zahitaji betri nzima na petroli safi, na zikiugua zataka fundi mwenye vifaa vyake. Kabureta husumbua mlimani, lakini huoshwa kwa bisibisi na kitambaa chini ya mwembe. Anayeishi karibu na karakana nzuri achague sindano bila hofu. Anayeishi mbali na mji afikiri mara mbili.

Mizani ya tano ni tangi. Zidisha lita zake kwa kilomita zinazokwenda lita moja, kisha uondoe robo, kwa sababu mchanga na gia ndogo hula mafuta kuliko lami. Jibu likiwa dogo kuliko umbali baina ya vituo viwili vya petroli katika njia yako, itakubidi ubebe galoni, na galoni ni mzigo wenye hatari yake.

Mizani ya sita ni magurudumu na springi. Gurudumu la mbele la inchi 21 hupanda juu ya jiwe ambapo dogo la inchi 17 hugonga. Rimu za njiti hupinda na kunyooshwa. Rimu za kumiminwa hupasuka, na zikipasuka zimekwisha. Tairi lenye tyubu hulifungua mwenyewe njiani ukaziba kwa kiraka. Juu ya springi, usizipime kwa kukaa tu. Pakia mzigo wako wa kawaida na mwenzako nyuma, kisha uone kama imebaki nafasi ya kushuka. Springi iliyokwisha kulala kabla ya shimo haitakusaidia shimoni.

Mizani ya saba ni vipuri, nasi twaiweka mwisho ili isisahauliwe. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda katika maduka ya vipuri ya mji unaokaa, wala si ya mji mkuu, uulize vitu vitano vya pikipiki uitakayo: waya wa klachi, pedi za breki, kichujio cha hewa, plagi, na mnyororo pamoja na magurudumu yake ya meno. Ukivipata vyote vitano, endelea. Ukivipata viwili tu, geuka urudi nyumbani. Hii ndiyo sababu Bajaj Boxer za boda boda zimeenea kila pembe: si kwamba zina nguvu kupita nyingine, bali kila kijiji kina mtu anayeijua na duka lenye vipuri vyake.

MASHINE ZENYEWE

Sasa tutaje baadhi ya mashine, si kwa kuzitangaza, bali kwa kuonyesha jinsi mizani hiyo inavyofanya kazi.

Yamaha AG200 iliundwa kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand. Injini yake ni ya ujazo wa 196, mipigo minne, ya kupozwa kwa hewa. Mnyororo wake umefunikwa wote usiingiwe na vumbi, ina stendi upande wa kushoto na wa kulia, na ina vichukuzi vya mizigo mbele na nyuma. Dada yake mdogo, AG100, ni wa mipigo miwili. Mashirika mengi ya misaada na ya afya yamezitumia katika Afrika kwa ajili ya watumishi wa vijijini. Hazina kasi wala hazipendezi macho, na mwenye haraka ya kufika Mbarara atazichoka. Lakini kwa afisa wa polisi anayezunguka vituo vya kaunti ndogo, ni vigumu kupata mtumishi mwaminifu kuzizidi.

Honda CRF300L ina ujazo wa 286, sindano za petroli, gia sita, na uzito wa kilo 142 tu ikiwa na mafuta yake. Kiti chake kiko milimita 880 kutoka ardhini. Ni nyepesi kuinua, na huenda kilomita 90 kwa saa juu ya lami bila kulalamika. Kasoro yake ni tangi la lita 7.8, ambalo kwa mwendo wa uangalifu litakufikisha kilomita 200 na ushei, na springi zake ni laini kwa mtu mzito mwenye mizigo.

Suzuki DR-Z400S, iliyotoka mwaka 2000, ina ujazo wa 398 na injini ya kupozwa kwa maji. Porini ni hodari kwelikweli. Lakini kiti chake kina urefu wa milimita 935, nacho ni chembamba. Baada ya saa tatu za lami mwendeshaji atatamani kusimama.

Kawasaki KLR650 ilianza mwaka 1987 na kwa miaka mingi ilibadilishwa kidogo sana. Ina silinda moja ya ujazo wa 651 na tangi la lita 23, kwa hiyo kilomita 400 si tatizo kwake. Barabara ya lami na ya changarawe nzuri ndiyo nyumbani kwake. Lakini ina uzito wa karibu kilo 200, na katika mchanga mwingi au udongo uliolowa humtaka mtu mwenye kifua na mwenye rafiki. Pikipiki kubwa kuliko hiyo, za kilo 230 na zaidi, twawaachia wenye fedha nyingi na safari za bara zima.

Tukiulizwa maoni yetu, tutajibu hivi. Kwa askari wengi wa cheo cha chini na cha kati, mwenye pikipiki moja tu kwa kazi zote, chaguo jema liko baina ya ujazo wa 200 na 300, uzito usiozidi kilo 150, na vipuri vinavyopatikana katika mji wake. Yafaa aipendelee nyepesi kuliko yenye nguvu. Mashine ndogo inayokwenda polepole itafika. Mashine kubwa iliyolala mtaroni haitafika.

MFANO WA SAFARI

Tuchukue safari ya likizo kutoka Kampala hadi mpaka wa bonde la Kidepo. Kampala hadi Gulu ni takriban kilomita 330 za lami. CRF300L itaomba petroli njiani. KLR650 itafika bila kusimama. Kutoka Gulu hadi Kitgum ni karibu kilomita 100, nazo pia ni za lami. Kufika hapo, mwenye mashine kubwa amestarehe na mwenye ndogo amechoka mgongo.

Lakini mbele ya Kitgum, mambo hugeuka. Lami huisha, changarawe huanza, na kadiri unavyoingia Karamoja ndivyo unavyokutana na mito mikavu ya mchanga na udongo mweusi. Udongo huo ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji. Ukinyeshewa saa moja hugeuka gundi, ukajaza nafasi baina ya tairi na kifuniko chake mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo mwenye kilo 142 atashuka, atakwangua, atasukuma. Mwenye kilo 200 pamoja na masanduku mawili ya bati atakaa chini angoje jua. Safari ni moja, na kila mashine imeshinda nusu yake. Mnunuzi aamue ni nusu ipi iliyo yake siku zote.

KUKAGUA ILIYOTUMIKA

Wengi wetu hununua pikipiki zilizokwisha kutumika, na humo ndimo mitego ilimojaa. Fika mapema, uishike injini kwa mkono. Ikiwa imekwisha kupashwa moto, muuzaji anaficha ugumu wake wa kuwaka. Iwashe, uutazame moshi: wa buluu katika injini ya mipigo minne ni dalili ya kuungua kwa oili. Uvute mnyororo kwa nyuma katikati ya gurudumu la meno. Ukiinuka hata jino likaonekana nusu, umekwisha pamoja na meno yake. Inua gurudumu la mbele, ugeuze usukani polepole. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekufa. Futa kwa kidole nguzo za mbele za springi. Oili ikionekana, sili zavuja. Gonga njiti kwa spana moja moja. Njiti iliyolegea hulia sauti nzito tofauti na wenzake. Chunguza fremu chini ya kiti na penye shingo: rangi mpya ya kipande kimoja mara nyingi huficha ufa uliochomelewa.

Mwisho kabisa, soma namba ya fremu na namba ya injini kwa macho yako, uzilinganishe na kadi. Namba iliyokwaruzwa au kugongwa upya ni sababu ya kuondoka papo hapo, hata bei ikiwa nzuri namna gani. Raia akikutwa na pikipiki ya wizi atajieleza mahakamani. Askari akikutwa nayo, aibu haitakuwa yake peke yake.

KABLA YA KUONDOKA

Pikipiki njema mikononi mwa mtu mvivu ni mbaya. Kila asubuhi ya safari, kabla ya chai, tazama oili, mnyororo, breki, taa, upepo wa matairi, na nati zote zinazoweza kulegea kwa mtikisiko. Kichujio cha hewa kioshwe mara kwa mara wakati wa kiangazi. Vumbi jekundu likipita humo husaga silinda kama msasa. Mzigo uwekwe chini na katikati, si juu ya mkia wa pikipiki. Mzigo wa nyuma sana hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, na usukani ukaanza kucheza.

Katika mchanga, punguza upepo wa matairi, simama juu ya vikanyagio, tupa macho mbali, usifunge petroli ghafla. Katika matope, chagua gia ya pili na uende kwa utulivu. Mbele ya mto usioujua, shuka uvuke kwa miguu kwanza. Maji yaliyokushinda wewe yataishinda na pikipiki. Na yule Mfaransa wa jangwani atukumbushe jambo moja: hata penye njia iliyozoeleka, maji ya kunywa hayaachwi nyumbani, na mtu mmoja awe anajua njia utakayopita na saa unayotazamiwa kufika.

Kofia ngumu ni sehemu ya bei ya pikipiki, wala si nyongeza. Uchunguzi wa kitaalamu uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Tumewaona watu wanaotoa mamilioni kwa ajili ya mashine, kisha wanunue kofia ya kuchezea watoto ili kumridhisha askari wa barabarani. Ndugu msomaji, huenda askari huyo ni wewe mwenyewe. Asiye na fedha za pikipiki pamoja na kofia nzuri, buti na glavu, basi bado hajapata fedha za pikipiki. Aendelee kuweka akiba.

Haraka haraka haina baraka. Mashine hizi hazitakwisha dukani wiki hii. Andika karatasi yako ya safari, ilaze pikipiki chini uiinue mara mbili, uulize vile vipuri vitano, usome namba zake. Ukimaliza hayo na moyo wako bado ukaipenda, inunue, uitunze, nayo itakuchukua hadi kwa wazee wako kijijini na kukurudisha kazini siku ile ile uliyoandikiwa.